Yoga ya chumba cha joto hapa Mbeya: jiko la mkaa nusura litumalize watu 11

Binti wa Isyesye (mwenye uzi)

Wakuu, ugonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene.

Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite salama, hakuna ugomvi. Wiki hii nimeona kwenye magrupu mawili ya WhatsApp ya hapa mjini watu wanatangaza "yoga ya joto, njoo uyeyushe kitambi", na picha waliyoweka ina jiko la mkaa kwenye kona. Mkaa umeshika mwekundu kabisa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Picha ile imeninyima usingizi. Mwaka jana mwezi wa saba nusura watu 11 tutolewe tumebebwa kwenye chumba cha namna ile ile, na mimi nilikuwemo.

Kazi yangu ni kushona sare za shule. Kuanzia Novemba hadi Januari sinyanyuki kwenye cherehani, na mwaka juzi mgongo ukagoma. Nikiinama kuokota kifungo, kunyanyuka ni mpaka nishike ukuta. Nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa nitafute mazoezi ya kunyoosha viungo. Mdogo wangu aliyeko Dar ndiye aliyenitumia video za hii yoga ya chumba cha joto. Nilivyoona wanavyojikunja, jasho linadondoka kwenye mkeka kama wametoka ziwani, nikasema dawa yangu ndiyo hii. Na kwa baridi ya huku kwetu Isyesye mwezi wa sita, nani akatae kuambiwa aende mahali pa joto?

Kijana mmoja alikuwa amerudi mjini kutoka Arusha, ujuzi kaupatia huko huko, akakodi chumba kilichokuwa stoo ya viazi. Harufu ya viazi haikuwahi kutoka hata siku moja. Ada 5,000 kwa kipindi. Simtaji jina wala sitaji mtaa, maana hakuwa mtu mbaya, na nia yangu si kumwaibisha.

Kabla sijafika kwenye tukio, niseme hiki kitu ni nini, maana mimi niliingia kichwa kichwa. Yoga yenyewe ni ya zamani sana huko India, ila hii ya kuwasha joto chumbani ni ya juzi tu. Aliyeieneza anaitwa Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, akafungua darasa Los Angeles miaka ya 1970. Alipanga mikao 26 na mazoezi mawili ya pumzi, dakika 90, kila siku ni ile ile bila kubadilisha, chumba kikiwa na nyuzi joto 40 na nusu hivi na unyevu wa asilimia 40. Akataka mpangilio ule uwe mali yake, mtu asifundishe bila ruhusa. Mwaka 2012 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikasema mfuatano wa mazoezi haumilikiwi hivyo, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa huko huko ikapigilia msumari. Mwaka 2016 mahakama Los Angeles ikamwamuru amlipe zaidi ya dola milioni 6 mwanamke aliyekuwa mwanasheria wake, aliyemshtaki kwa unyanyasaji. Ndiyo maana kumbi nyingi zimelitupa jina lake, zinasema yoga ya joto basi.

Naeleza haya kwa sababu kijana wetu alikuwa anatuapia kwamba nyuzi 40 ni siri ya mababu wa Himalaya. Mababu wa Himalaya na hita wapi na wapi? Kule ni theluji.

Naendelea baadaye, wali unanukia vibaya.

Dar_Moto

Yaani wa Mbeya mnanunua joto? Njooni Temeke mwezi wa pili, tunawapa bure, unyevu juu, na mbu wa kuwasindikiza.

Mtu wa Makete

Mkuu wa Temeke usicheke. Huku mwezi wa saba asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu na maji ya kwenye ndoo yameota ngozi. Joto kwetu ni chakula. Dada endelea.

Mtumishi77

Dada pole. Ila swali la kwanza: Mkristo na yoga vinakutana wapi? Ile ni ibada ya watu.

Kamwene_Kihesa

Nilijua tu itafika hapa, sema nilidhani itafika ukurasa wa tatu.

Binti wa Isyesye

Mtumishi, kwa heshima. Hata nyumbani niliulizwa hivyo, na aliyeniuliza ni mama mkwe, kwa hiyo jibu ninalo tayari. Kuna yoga yenye maneno na sala zake, na wenyewe hawafichi. Kuna na mahali wanabaki na mikao na pumzi tu. Sisi hatukuimba kitu. Ambaye dhamiri inamsuta aache, mazoezi ya mgongo yapo mengi. Naomba tusimalizie uzi hapo, kuna suala la watu kufa.

Sehemu ya pili sasa.

Chumba kilikuwa cha tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, bati juu bila dari. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya bahari na wote mnajua mwezi wa saba jua likishazama inakuwaje. Kijana alikuwa na hita mbili za umeme, anaziwasha saa nzima kabla hatujafika. Kipimajoto cha ukutani hakikuwahi kuvuka 29. Joto lote lilikuwa linapanda linaishia kwenye bati. Kwa hiyo akaongeza beseni la maji yanayochemka katikati ya chumba, mvuke ukawa unatuvuja usoni, tukajiona tumefika. Waliokuwepo mwaka 2020 kila nyumba ina nyungu yake ya kujifukiza mvuke wanaijua hali ile. Hii ilikuwa nyungu ya kusimama.

Na niseme ukweli, nilipenda. Mgongo ulilegea. Wiki tatu za kwanza niliokota vifungo mwenyewe bila kuita mtoto.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa 12 jioni. Tumeanza tu, dakika ya kumi, umeme ukakatika. Tulikuwa tumeshalipa, hakuna aliyetaka kurudi nyumbani. Kijana akatoka kwa mama anayekaanga chipsi jirani, akaazima majiko mawili. Ninachokikumbuka vizuri ni kwamba hakuyaleta haraka. Aliyaacha nje, akapepea, akasubiri moshi uishe kabisa, ndipo akayaingiza. Akatuambia, "Huu umeshashika, hauna moshi, hauna madhara." Kisha akachukua gunia la viazi, akalikunja, akaziba uwazi wa chini ya mlango. Kipimajoto kikapanda hadi 33. Tukapiga makofi, wallahi.

Kichwa kilianza kunigonga kwenye paji kama dakika ya 40. Nikajua ni njaa. Jirani yangu naye akasema kichwa kinamuuma. Kijana akatutia moyo: hiyo ni sumu inatoka mwilini, vuteni pumzi kwa nguvu. Tukavuta kwa nguvu.

Ukafika mkao wa ngamia. Unapiga magoti, unajipinda nyuma mpaka mikono ishike visigino, kifua kinaangalia juu. Nilivyorudi, mkeka wangu ulikuwa miwili. Dada wa mstari wa mbele akatapika kwenye taulo lake, akasifiwa. Halafu tukaambiwa tulale chali, mkao wa mwisho, wenyewe wanauita mkao wa maiti. Sikuogopa hata kidogo. Nilisikia usingizi mtamu, miguu kama si yangu, nikawa naangalia mkaa unavyometameta kwenye kona na kuona ni mzuri.

Tulikuwa na mama mmoja, nesi mstaafu, yeye daima analala karibu na mlango kwa sababu ya magoti yake. Nikamsikia kwa mbali anasema, "Huyu mtoto mbona kimya?" Akamwita msichana aliyelala karibu na jiko. Akamwita tena. Kisha nikasikia kishindo, ni yeye anasimama anayumba, akalipiga teke lile gunia, akavuta mlango, akapiga ukelele ambao hadi leo nikiukumbuka nywele zinasimama: "TOKENI! TOKENI NJE, JIKO HILO!"

Tulitoka kwa magoti. Wengine walivutwa kwa makwapa. Ile baridi ya nje ilinipiga kama maji, fulana imelowa, meno yanagongana, nikatapika kwenye maua ya mwenye nyumba. Msichana alizinduka baada ya dakika kadhaa hapo hapo kwenye majani. Kijana alikaa chini ameshika kichwa, analia kama mtoto.

Mtu wa Makete

Mungu mkubwa. Huku kwetu kila msimu wa baridi tunasikia habari hizi, watu wamelala na jiko, asubuhi mlango unavunjwa.

Kamwene_Kihesa

Nimesoma nimesimama. Ila nauliza, gesi si inapanda juu? Mliolala chini si ndiyo mlikuwa salama zaidi?

Nesi wa Zamu

Niingilie hapo, maana swali hili linaua watu.

Si kweli, Kamwene. Gesi ya jiko la mkaa uzito wake unakaribia sawa na hewa, inachanganyika chumba kizima. Ukilala, ukisimama, ukipanda juu ya meza, unavuta ile ile. Na isichanganywe na hewa ya ukaa tunayotoa puani, hii ni nyingine, inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, harufu wala ladha. Moshi unakukohoza, unakufukuza chumbani, kwa hiyo moshi kwa namna fulani ni rafiki. Mkaa ulioshika ukawa mwekundu bila moshi ndio unaotoa gesi hii bila kukupa taarifa. Kijana aliposubiri moshi uishe alidhani anawalinda, kumbe alikuwa anaondoa kengele.

Inavyofanya kazi ni hivi. Damu inabeba oksijeni kwa kitu kinaitwa himoglobini. Kaboni monoksaidi inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni abiria anayeingia kwenye daladala, anakaa siti zote na hashuki. Moyo unapiga, mapafu yanavuta, ila mwili haupati kitu. Sasa mtu aliyekaa anaota moto jikoni anavuta hewa kidogo kidogo. Ninyi mlikuwa kwenye mazoezi, mnahema, tena mnaambiwa vuteni kwa nguvu. Mliijaza haraka zaidi. Na huku juu milimani hewa yenyewe ni nyepesi kuliko pwani, akiba ni ndogo.

Dada, hospitali walifanya nini?

Binti wa Isyesye

Ndaga fijo, Nesi. Hospitali ndiyo kituko kingine, na siitaji jina. Tulienda kwa bajaji tatu. Mhudumu akatuweka kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kikasoma asilimia 98 kwangu, 97 kwa msichana. Akasema tuko vizuri, ni uchovu wa mazoezi, tunywe maji tukalale. Yule mama mstaafu akagoma kutoka. Akavua kitenge, akakitandika kwenye benchi, akakaa. Akasema hatoki hapo mpaka watoto wapewe oksijeni. Baada ya mabishano daktari akaitwa, akauliza swali moja tu, "Mlikuwa na jiko ndani?", na mask zikaletwa palepale.

Nesi wa Zamu

Mama huyo apewe zawadi. Kifaa cha kidoleni hakitofautishi siti iliyokaliwa na oksijeni na ile iliyokaliwa na kaboni monoksaidi, kinaona siti imejaa basi, kinaandika 98. Mtu ana 98 na huku anakufa. Ukienda hospitali baada ya kuvuta moshi wa jiko au jenereta, sema wewe mwenyewe neno "jiko" mlangoni kabisa, usisubiri kuulizwa. Ukiachwa upumue hewa ya kawaida, gesi inachukua kama saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni ya mask inashuka hadi saa moja na nusu hivi. Na mjamzito asiambiwe kabisa akapumzike nyumbani, mtoto tumboni anaumia zaidi ya mama.

Dar_Moto

Nafuta utani wangu wa juu. Pole sana dada.

Mama Mapacha Mafinga

Naomba kuuliza wajuzi. Tukiondoa jiko, tuseme chumba kina hita ya umeme na kila kitu salama. Je ni kweli jasho lile linapunguza mwili? Nina kilo 94. Shemeji yangu anafanya huko Dar, anasema kila kipindi anapoteza kilo moja na ana picha za mizani.

Nesi wa Zamu

Mama Mapacha, shemeji hadanganyi na mizani haidanganyi. Kilichopotea ni maji. Lita moja ya jasho ni kilo moja, na kwenye joto lile lita moja kwa kipindi ni jambo la kawaida. Akinywa maji jioni, kilo imerudi nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado waliwapima watu wenye uzoefu wakifanya ile ya dakika 90 ya Bikram: wanawake walichoma wastani wa kalori 330 hivi, wanaume 460. Ukitembea kwa haraka muda huo huo unapata kama hizo. Kutoka Mafinga mjini kuzunguka mashamba ya miti na kurudi, bila ada.

Na hili la "sumu inatoka kwa jasho" nalo tuliache. Jasho ni maji na chumvi, kazi yake ni kukupoza. Sumu zina ini na figo. Ukijiambia kichefuchefu ni sumu inatoka, utakaa chumbani mpaka uanguke, kama wenzetu hapa walivyosifiwa kwa kutapika.

Mama Mapacha Mafinga

Asante mwaya. Na mwenye presha je? Natumia zile za kukojoza.

Nesi wa Zamu

Kwenye nyuzi 40 usiingie bila kuongea na anayekuandikia dawa. Joto linatanua mishipa, damu inashukia miguuni. Dawa ya kukojoza imeshapunguza maji, jasho linapunguza mengine. Ukinyanyuka ghafla kutoka sakafuni, giza. Wa kisukari anayejichoma insulini ajue joto linaifanya iingie haraka kuliko kawaida, sukari inaweza kushuka akiwa amejikunja. Mjamzito asiingie, hilo halina mjadala. Mwenye selimundu (sickle cell) ndiye ninayemwogopea zaidi huku kwetu: anatoka jasho, damu inakuwa nzito, halafu anatoka nje kwenye baridi ya nyuzi 8 na fulana mbichi. Hapo umemwitia maumivu kwa jina.

Kuna na jambo watu hawalisemi. Misuli ikipata moto inakubali kunyooka hadi pale ambapo kesho yake haitakubali. Joto linaficha maumivu, unajiona una viungo vya mtoto, unavuka mpaka. Kesho asubuhi kumepoa, goti linakuambia ulichofanya.

FundiUmemeMwanjelwa

Mimi nina la umeme tu. Hita moja ya wati 2,000 inavuta kama ampea 9. Plagi zetu ni za ampea 13. Ukiweka hita mbili kwenye ekstensheni moja unavuta 17 na kitu, ndiyo maana mnakuta plagi imeyeyuka imekuwa kahawia na mnalaumu Mchina. Kila hita iwe na soketi yake ukutani. Na lile beseni la maji katikati ya chumba, watu peku, jasho, nyaya zimelala sakafuni... dada yangu nimesoma hapo nikafumba macho. Gesi isingewamaliza, lile beseni lingejaribu.

Gharama: hita mbili, saa moja ya kupasha chumba na saa moja na nusu ya kipindi, ni uniti 10. Kwa bei ya kawaida ya uniti, 350 na kitu, ni zaidi ya 3,500 kila kipindi. Aliye kwenye ile tarifa ndogo ya uniti 75 kwa mwezi anazimaliza kwa vipindi saba na nusu, halafu anahamishiwa bei kubwa na nyumba nzima. Sasa unaelewa kwa nini kijana anakimbilia mkaa.

Mzee wa Parachichi

Vijana, habari za jioni. Nasoma nikiwa hapa Njombe. Mimi nina kitalu nyumba cha nyanya, mita 8 kwa 15, nailoni juu. Saa saba mchana, jua likiwaka, humo ndani hata mwezi wa saba unavua koti. Hakuna umeme, hakuna mkaa. Binti yangu wa chuo alitandika mkeka kati ya matuta akawa anajikunja, wafanyakazi wakadhani ameugua.

Kamwene_Kihesa

Mzee tumepata biashara! Yoga ya nyanya, kiingilio na kilo mbili.

Nesi wa Zamu

Mzee shikamoo. Kabla ya kiingilio, mlipulizia dawa lini?

Mzee wa Parachichi

Marahaba. Jumanne. Nimeshamwambia atoke.

Binti wa Isyesye

Mzee umenichekesha, na kwa kweli umenisogeza karibu na nilichotaka kusema.

Baada ya lile tukio nilikaa miezi miwili sigusi mkeka. Kichwa kiliuma kwa vipindi, nilikuwa nasahau vipimo vya watu, nikamshonea mtoto wa darasa la pili suruali ya la sita. Mgongo nao ukarudi ulikokuwa. Ndipo nikaanza kusoma usiku kwenye simu, nikitaka kujua kama joto ndilo lilikuwa linanisaidia au ni kule kujinyoosha.

Nikakuta utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas uliotoka mwaka 2018. Walichukua watu wazima ambao si wa mazoezi, kundi moja likafanya ile mikao 26 kwenye nyuzi 40 na nusu, kundi lingine mikao ile ile kwenye nyuzi 23. Wiki 12. Wakapima mishipa ya damu inavyotanuka, maana hiyo ni dalili mojawapo ya uzima wa moyo. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kwa mishipa joto halikuongeza kitu. Nyuzi 23! Mimi nimelipa 5,000 mara ngapi, nimevuta mkaa nikaona mkeka miwili, kutafuta kitu ambacho sebule yangu inacho saa tisa alasiri jua likiwa limekaa kwenye bati.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivyo. Saa tisa naacha cherehani, nafunga mlango wa duka, dirisha la nyuma wazi kiasi cha mkono. Naanza na sweta mbili na soksi, natembea pale pale na kuzungusha mabega mpaka sweta moja inakuwa kero, navua. Ya pili ikiwa kero ndipo najikunja. Mwili wenyewe ndio hita. Kipimajoto ninacho, kinasoma 22, 24, siku njema 26. Ngamia bado namwogopa, sijamrudia. Namaliza, nabadilisha fulana NDANI kabla ya kufungua mlango, kwa sababu ile baridi ya jioni ikikukuta mbichi utakohoa hadi Jumapili.

Sisemi joto ni baya. Kwa baridi hii, chumba chenye uvuguvugu ni raha na viungo vinakushukuru. Ambaye ana mahali pa uhakika, hita za umeme zilizofungwa sawasawa, hewa inaingia, mwalimu anayekuruhusu kutoka ukitaka kutoka, aende, mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea kwa hiyo aanze kidogo. Ila mwalimu akikuambia usitoke mlangoni mpaka kipindi kiishe, chukua viatu vyako. Na ukiona jiko, hata kama ni la kupashia maji tu, hata kama mlango uko wazi "kidogo", usivue hata koti.

Nimemwandikia msimamizi wa lile grupu lenye picha. Ameniuliza kama nina wivu wa biashara. Kesho naenda mwenyewe.

Mtumishi77

Dada, pamoja na msimamo wangu wa mwanzo, nitakusindikiza kama huna mtu. Hilo la jiko halina dhehebu.

Binti wa Isyesye

Mrejesho, Jumamosi saa nne asubuhi.

Tumeenda watatu, mimi, Mtumishi, na yule mama mstaafu, ambaye alikataa katakata kubaki nyumbani. Mwenye ukumbi ni dada mdogo tu, miaka 25 hivi, hakuwa anajua chochote. Alitusikiliza amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Mama alimsimulia habari ya msichana aliyeitwa mara mbili akakaa kimya, na hapo akaita mtu aje abebe jiko alipeleke uani. Mablanketi ya madirishani kayang'oa mbele yetu. Hata chai tumepewa.

Sasa kanionyesha kwa furaha alichonunua badala yake. Hita mbili mpya, na ekstensheni moja ndefu nyeupe, imepita chini ya mikeka.

FundiUmemeMwanjelwa uko wapi? Nimekutumia meseji. Kipindi kinaanza saa 11.